Kielelezo Kinachoharibika

Nchi ya Shwari haionekani kwenye ramani, na wenyewe hawaoni ajabu, kwa kuwa ramani zote zilichukuliwa na Wizara ya Utulivu zikahakikiwe na mpaka leo hazijarudi. Ni nchi njema. Mvua hunyesha kwa wakati wake, na ikichelewa hutolewa tamko kwamba haikuchelewa. Kiongozi wake huitwa Mlezi Mkuu, na picha yake imetundikwa kwenye kila ukuta unaoweza kushika msumari. Asiyeamini maneno haya na aende akaangalie mwenyewe, akipata njia.

Katika nchi hiyo kuna mmea uliopigwa marufuku tangu enzi za wakoloni. Serikali ya wananchi ilipoingia ilibadilisha kila kitu isipokuwa marufuku hiyo na saa ya chakula cha mchana. Mmea wenyewe ni bangi, ila jina hilo haliandikwi kwenye karatasi ya serikali, kwa hofu kwamba karani atakayelisoma ataanza kucheka saa za kazi. Huandikwa "Mmea Husika". Kukutwa na Mmea Husika ni kifungo cha miaka saba. Kukutwa na mbegu yake ni miaka mitano, maana mbegu bado ina umri mdogo. Hata hivyo kila mtu katika mji wa Pindogani anajua unakoota: nyuma ya nyumba za polisi, na pale penye ukuta mrefu wenye bendera, ambapo si adabu kupataja.

Katika mji huo aliishi Bi Mwanamvua, karani mstaafu. Aliitumikia masjala ya wilaya miaka thelathini na mmoja, akifungua mafaili, akiyapa namba, akiyapandisha ghorofani na kuyapokea yakishuka. Hakuwahi kwenda nyumbani na hata pini ya ofisi. Wakubwa kumi na wanne walikuja wakaondoka mbele ya macho yake, na hakuna alichokiacha yeyote kati yao ila mafaili. Kwa hiyo alijijengea imani yake, ambayo hakumwambia mtu isipokuwa mumewe: serikali haiogopi watu, inaogopa faili lililo wazi.

Mumewe, Mzee Kondo, alikuwa mpiga tarumbeta wa Bendi ya Serikali. Aliwapulizia wageni wa taifa walipokuwa wakishuka kwenye ndege na akawapulizia tena walipokuwa wakipanda. Enzi zake alikuwa na kifua kipana na mkono mwepesi mezani, mtu wa kumaliza sahani ya wali na kuulizia ukoko. Sasa alikuwa na ugonjwa wa mifupa ambao hospitali ilishamwambia hautoki. Alikonda mpaka saa yake ya mkononi ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko. Maumivu yalimnyima usingizi, dawa zikamtapisha, na chakula kikimfika mdomoni alikitema. Alikuwa akila vijiko vitatu vya uji kwa siku. Siku vilipofika viwili, Bi Mwanamvua alijifunga kanga akaenda kwa daktari.

Daktari alifunga mlango, akafunga dirisha, kisha akaigeuza picha ya Mlezi Mkuu itazame ukuta. Ndipo akanong'ona kwamba zamani, akisoma nchi nyingine, aliona wagonjwa wa namna hiyo wakitiliwa Mmea Husika kidogo kwenye uji, wakapata hamu ya kula na wakalala. Ugonjwa hauponi, alisema, lakini mtu anakula. Halafu akairudisha picha kama ilivyokuwa, na kwa sauti ya kusikika mpaka nje akaagiza mgonjwa azidi kunywa maji.

Mtu mwingine angepita nyuma ya nyumba za polisi jioni ileile. Kikwazo kilikuwa Mzee Kondo mwenyewe. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akafikiri, akajiinua kwenye mto.

"Mama Chiku," alisema, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali, "mimi maisha yangu yote sijapuliza hata noti moja ambayo haikuwamo kwenye karatasi. Sitaanza leo kunywa kitu cha kujificha. Kikija na muhuri, nitakunywa."

Bi Mwanamvua alikasirika sana. Alimwambia kwamba ukaidi huo ataupuliza kaburini, akatoka nje akaviosha upya vyombo vilivyokuwa safi. Lakini alipokuwa akiosha alikumbuka kwamba ukaidi huohuo ndio uliomfanya ampende, mwaka ule Mzee Kondo alipokataa kupokea kiatu cha sare kwa kuwa risiti yake ilikuwa na tarehe ya kesho. Akajifuta mikono. Akaketi mezani, akavaa miwani, akaandika barua iliyoanza kama barua zote za nchi yake zinavyoanza: YAH: OMBI LA KUHALALISHWA KWA MMEA HUSIKA.

*

Jibu lilirudi baada ya majuma mawili. Aliarifiwa kwamba ombi la mtu mmoja ni manung'uniko, ombi la watu mia moja ndilo ombi, na kwamba fomu imeambatanishwa.

Fomu ilikuwa na maswali kumi na moja, na mwanadamu angeweza kuyajibu yote isipokuwa la sita. Swali la sita liliuliza kama mtia sahihi anaufahamu Mmea Husika. Aliyejibu Ndiyo alitakiwa kueleza mbele ya askari ameufahamia wapi. Aliyejibu Hapana sahihi yake haikuhesabiwa, kwa sababu mtu hawezi kuomba kitu asichokijua. Aliyeitunga fomu hiyo alipewa nishani, na kwa kweli aliistahili.

Bi Mwanamvua alizunguka nayo nyumba kwa nyumba, mkoba begani na mwavuli mkononi. Alikaribishwa vizuri. Muuza maandazi wa stendi alimwambia hana shida na ombi, anajua jirani yake ana mtu mwenye kifafa. Jirani wa muuza maandazi alisema kwake ni wazima wote ila nyumba ya pili kuna bibi anayelia usiku kwa maumivu. Nyumba ya pili ilimwelekeza ya tatu. Mwisho wa juma Bi Mwanamvua alikuwa amegundua kwamba kila nyumba ya Pindogani ina jirani mgonjwa, na hakuna nyumba hata moja yenye mgonjwa. Wote walitaka kutia sahihi. Wote walifika swali la sita, kalamu ikasimama hewani.

Alirudi nyumbani miguu ikimuuma, akakuta mumewe amekula kijiko kimoja na nusu. Usiku ule hakulala, na asubuhi alikuwa na jibu, akajishangaa kwa kuchelewa kulipata. Katika miaka thelathini na mmoja alikuwa hajamwona ofisa hata mmoja akifungua kiambatisho. Walikuwa wakihakikisha kipo, basi. Akazunguka tena, na safari hii watu mia moja na arobaini na watatu walijibu swali la sita kwa maneno mawili: "Tazama kiambatisho." Kiambatisho kilikuwa karatasi nyeupe tupu, yenye namba ya kumbukumbu juu upande wa kulia. Ofisa aliyepokea ombi alihesabu kurasa, akaona kiambatisho kipo, akagonga muhuri.

*

Mkuu wa mambo yote ya Pindogani alikuwa Mheshimiwa Chogo, Mratibu wa Utulivu wa Wilaya. Mheshimiwa Chogo alikuwa mtu wa tabasamu. Hakuwahi kumkatalia mtu kitu. Alimkubalia kwa masharti. Bi Mwanamvua alipoandika kuomba kibali cha maandamano ya amani, ili ombi lisije likalala, Mheshimiwa alimwita ofisini na kumwagizia chai.

Alimweleza kwamba serikali ya Shwari haijawahi kukataza maandamano na haitakataza. Kinyume chake, inawapenda waandamanaji kiasi cha kutaka kila mmoja alindwe na askari watatu. Bahati mbaya Pindogani ina askari sita, na watatu kati yao wanalinda geti la Mheshimiwa Chogo, ambaye naye ni mwananchi. Kwa hiyo mji ule, kwa hesabu za kawaida kabisa, una uwezo wa kubeba mwandamanaji mmoja.

"Mmoja anatosha, mheshimiwa," alisema Bi Mwanamvua. "Naomba tu iandikwe: kila Ijumaa, mpaka ombi litakapoamuliwa."

Mheshimiwa Chogo aliandika akicheka. Akaongeza kwa mkono wake kwamba mabango yote ni vielelezo vya serikali, hivyo yatashikwa na askari tangu mwanzo hadi mwisho, yasije yakapotea njiani. Alijiona ameua kila kitu kwa kalamu moja.

Ijumaa ya kwanza, saa nne asubuhi, maandamano yaliondoka kwenye tangi la maji kuelekea ofisi ya wilaya. Mbele alikuwa Koplo Nyamhanga, mtu mrefu wa makamo mwenye aibu, amebeba bango lisemalo MMEA HUSIKA URUHUSIWE. Nyuma yake askari wawili, mmoja na WAGONJWA NI WANANCHI, mwingine na MZEE KONDO HALI CHAKULA. Nyuma kabisa alitembea Bi Mwanamvua na mwavuli wake tu, kama mtu aliyetoka kununua chumvi. Watu walisimama vibarazani wakitazama. Hawakuwahi kuona polisi wa nchi yao wakidai chochote, na mzee mmoja aliguswa sana moyoni akapiga makofi.

Ijumaa ya pili Koplo Nyamhanga hakuliinamisha tena bango. Ijumaa ya tatu alimwambia mwenzake ainue lake, halisomeki. Kufikia Ijumaa ya nne pembezoni mwa barabara palikuwa na watu zaidi ya mia mbili, wote wakitembea upande uleule kwa mwendo uleule, kila mmoja na kikapu. Walipoulizwa walisema wanakwenda sokoni, na hakuna sheria inayokataza kwenda sokoni. Soko la Pindogani liko upande wa pili wa mji.

Siku hiyo, walipopumzika kivulini kwenye ukuta wa posta, koplo alisogea karibu na Bi Mwanamvua, macho yake chini.

"Mama, hata mimi nina jirani mgonjwa."

"Jirani yupi, mwanangu?"

"Mama yangu mzazi," alisema, akaliinua bango lake wakaendelea.

*

Simu ilipigwa kutoka Makao Makuu. Waliuliza ni kwa nini polisi wa Pindogani wanaandamana kila Ijumaa kudai bangi, ni nani aliyewapa ruhusa, na yule mama anayewafuata na mwavuli ni ofisa wa ngazi gani. Mheshimiwa Chogo alijibu akiwa amesimama wima, ingawa alikuwa peke yake chumbani.

Kukifuta kibali hakuweza. Kilikuwa na sahihi yake, na kukifuta kungekuwa kukiri kosa, na katika nchi ya Shwari kosa halijawahi kutokea tangu uhuru. Alipiga hatua ofisini kwake mpaka alasiri. Kisha akatoa Waraka: ombi lolote linalohusu Mmea Husika halitasikilizwa mpaka kielelezo cha mmea huo kiwe mikononi mwa mwombaji. Huu ulikuwa mtego safi. Asipokuwa nacho, ombi linakufa. Akiwa nacho, miaka saba.

Bi Mwanamvua alipoupokea Waraka aliusoma mara mbili. Mumewe alikuwa na siku mbili hajagusa uji. Ngozi ya mashavu ilikuwa imeingia ndani, na mdomo uliokuwa ukipuliza nyimbo za mataifa haukuwa na nguvu ya kuomba maji. Aliogopa. Aliogopa vibaya, kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa mbele ya mkubwa yeyote. Ndipo akaenda uvunguni, akavuta sanduku, akatoa Kanuni za Vielelezo. Alizijua vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe alizipiga taipu akiwa msichana, nakala saba kwa karatasi za kaboni.

Barua yake ilikuwa fupi. "Kichwa cha habari hapo juu chahusika," aliandika, na akaeleza kwamba kwa kuwa serikali inamtaka awe na kielelezo, na kwa kuwa mwenye Mmea Husika kihalali ni bohari ya polisi peke yake, anaomba kwa heshima akabidhiwe kutoka bohari, chini ya ulinzi, kwa mujibu wa Kanuni ya tisa. Akatia namba tatu za kumbukumbu. Mtunza bohari aliona namba tatu, akaona Waraka wa Mheshimiwa, akafungua kufuli.

Koplo Nyamhanga alileta bahasha ya kaki nyumbani kwa Mzee Kondo. Ilifungwa kwa lakiri nyekundu na juu yake kulikuwa na mihuri miwili. Mgonjwa aliomba aonyeshwe. Aliishika karibu na macho, akaizungusha, akaukagua kila muhuri kwa kidole.

"Huu?"

"Wa polisi, Baba Chiku."

"Na huu wa buluu?"

"Wa wilaya."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu. Lakini kielelezo si chakula, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Bi Mwanamvua hakubishana naye. Alimsomea Kanuni ya kumi na moja, iliyotungwa zamani kwa ajili ya samaki wa wizi, ambao walikuwa wakioza vituoni kesi zikingoja. Ilisema kielelezo kinachoharibika kitabadilishwa kila siku ya saba, na kile cha zamani kitaliwa na watu wa nyumba kilimohifadhiwa, mbele ya askari, na mlaji atatia sahihi. Mtunza bohari alikuwa amekwisha kuulizwa kama Mmea Husika unaharibika. Alitazama orodha yake, akajibu kwa maandishi kwamba majani yote huhesabiwa mboga.

Siku ya saba, ambayo mgonjwa aliifikia kwa maji na matone ya uji, saa nne kamili, Koplo Nyamhanga alikaa kwenye kiti cha sebuleni na daftari magotini, amevua kofia. Bi Mwanamvua alifuata kila alichonong'ona daktari. Mzee Kondo alikunywa uji wake kijiko kwa kijiko, uso wa kikazi, akatia sahihi kwa jina lake kamili na cheo. Mchana akalala. Hakugeuka huku na huku, hakuugua. Mkewe alimwinamia mara tatu kuhakikisha anapumua. Alasiri alifumbua macho, akanusa hewa, akauliza kuna nini jikoni.

"Wali," alisema Bi Mwanamvua.

"Ukoko upo?"

Aliingia jikoni akasimama mbele ya sufuria akalia, kanga mdomoni asisikike. Kisha akabandua ukoko wote akampelekea. Koplo Nyamhanga aliandika kwenye daftari la serikali: "Kielelezo kimeliwa. Mlaji ameomba ukoko. Amepewa."

*

Kilichofuata ni miezi ya raha, na raha hiyo iliitwa kuahirishwa. Kikao cha kwanza cha kusikiliza ombi kiliahirishwa kwa kuwa kiti cha mwenyekiti kilikuwa kifupi kuliko vya wajumbe. Cha pili kiliahirishwa ili kuchunguza nani alikifupisha. Kabla ya cha tatu Mheshimiwa Chogo alisafiri kwenda nchi za baridi, kujifunza jinsi mmea huo unavyoharibu jamii. Bi Mwanamvua, aliyeyachukia maahirisho maisha yake yote ya kazi, sasa alijizoeza mbele ya kioo uso wa kusikitika ili auvae kikaoni. Kila siku ya saba bahasha mpya ilifika. Mzee Kondo aliongezeka mashavu. Ijumaa moja maandamano yalipopita chini ya dirisha lake alitoa tarumbeta akapuliza noti nne, za kwenye karatasi, na askari watatu wakashika hatua bila kuamriwa.

Lakini Bi Mwanamvua hakuwa na amani kamili. Yeye alikuwa na bahasha, wale mia moja na arobaini na watatu walikuwa na vikapu tu. Mama yake Koplo Nyamhanga alikuwa bado akilia usiku. Kwa hiyo aliandamana kila Ijumaa, jua au mvua, akidai kitu ambacho nyumbani kwake tayari kilikuwepo.

Mheshimiwa Chogo alirudi kutoka nchi za baridi amenawiri. Huko alikuwa ameona Mmea Husika ukiuzwa madukani mchana kweupe, kwenye chupa nzuri zenye vifuniko vya dhahabu. Alitazama hayo kwa uchungu wa mzalendo. Alipotua tu, alianza kuzungushia uzio bonde zima la mto, na mwezi uliofuata Bunge likaketi kwa dharura. Muswada ulisomwa asubuhi, ukapita kabla ya saa ile ya chakula cha mchana ambayo haijabadilishwa.

Sherehe ilifanyika uwanjani Pindogani. Bi Mwanamvua aliketishwa jukwaa kuu, akapewa cheti.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Chogo, sasa Mwenyekiti wa Bodi ya Mmea Husika, "serikali yenu ni sikivu. Mlilia, tukasikia. Mlitembea, tukaona. Mama huyu alisimama peke yake, akilindwa na serikali iliyompenda. Kuanzia leo Mmea Husika ni huru."

Watu walishangilia mpaka vumbi likapanda. Bi Mwanamvua naye alishangilia, na kwa dakika chache aliamini. Halafu akapewa nakala ya sheria, na kwa mazoea yake alianza kusoma kutoka mwisho, kwenye viambatisho. Humo ilielezwa kwamba Mmea Husika ni zao la kimkakati, litalimwa na mwenye bonde lenye uzio, na litasafirishwa lote kwa wagonjwa wa nje, ambao ndio wenye viwango. Wagonjwa wa ndani watafikiriwa katika awamu ya tatu. Awamu ya kwanza haikutajwa itaanza lini. Kukutwa na Mmea Husika nje ya uzio hakukuwa tena kosa la ulevi. Kulikuwa hujuma dhidi ya zao la taifa, miaka kumi na minne.

Jioni Koplo Nyamhanga alibisha hodi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, bila kuingia.

"Mama, nisamehe. Ombi limekubaliwa, faili limefungwa. Nimetumwa kuchukua kielelezo."

Alichukua bahasha, lakiri yake ikiwa bado nzima, akaondoka bila kugeuka nyuma. Kwenye siku ya tisa Mzee Kondo alirudi kwenye vijiko vitatu. Mkewe alimsihi, akamwambia yuko radhi kufungwa, ataupata mmea popote ulipo. Mzee alimtazama kwa upole akauliza kama una muhuri. Bi Mwanamvua alikichukua kile cheti, akakigeuza, akaona nyuma yake ni karatasi nyeupe nzuri. Alivaa miwani.

YAH: OMBI LA KUPIGWA MARUFUKU KWA MMEA HUSIKA, aliandika.

*

Wale mia moja na arobaini na watatu walielewa kabla hajamaliza kueleza. Walitia sahihi siku moja, swali la sita wakilirejesha kwenye kiambatisho, na safari hii Bi Mwanamvua aliongeza kifungu ambacho alijilaumu kwa kukisahau mara ya kwanza: kwamba watia sahihi wote ni waombaji wenza. Waraka wa Mheshimiwa Chogo haukuwa umefutwa, kwa kuwa haukuwa na kosa. Ulisema bado, wazi kabisa, kwamba ombi lolote linalohusu Mmea Husika halisikilizwi mpaka kielelezo kiwe mikononi mwa mwombaji. Mtunza bohari alihesabu waombaji, akatoa bahasha mia moja na arobaini na nne. Bohari yake sasa ilijazwa kutoka bonde lenye uzio, na majani yalikuwa mazuri, ya kiwango cha kusafirishwa nje.

Koplo Nyamhanga huzunguka nazo kwa baiskeli, nyumba kwa nyumba, daftari kwenye kapu. Nyumba ya mwisho ni ya mama yake, na hapo hukaa zaidi kidogo. Ijumaa maandamano yapo kama kawaida, askari watatu mbele na bango lisemalo MMEA HUSIKA UPIGWE MARUFUKU, na sokoni watu wanakwenda kwa mamia. Makao Makuu walivutiwa na mji unaoichukia bangi kiasi hicho. Mlezi Mkuu mwenyewe aliuletea mji wa Pindogani kikombe cha uadilifu, na kikombe hicho kimewekwa masjala, juu ya kabati la mafaili yaliyo wazi.

Siku bahasha ya kwanza ya ombi jipya ilipotimiza siku saba, Mzee Kondo aliikagua mihuri yote miwili, akaridhika. Lakini kabla ya kula alimzuia mkewe mkono wenye kijiko.

"Mama Chiku, ombi la kwanza walitushtukiza. Na hili je, wakilikubali?"

Bi Mwanamvua alikoroga uji taratibu. Alimweleza kwamba mwenyekiti wa kamati itakayosikiliza ombi la kupiga marufuku ni Mheshimiwa Chogo, na mwenye bonde ni Mheshimiwa Chogo, na kwamba kikao cha kwanza tayari kimeahirishwa.

"Kwa ninavyoijua serikali yangu," alisema, "hili halitaisha tukiwa hai."

Mzee Kondo alifikiri, akaona ni kweli, akafungua mdomo.